Dawa za Mifupa Dhaifu: Nani Anahesabu Miaka?

Oktoba 2010, FDA, mamlaka inayosimamia chakula na dawa nchini Marekani, iliagiza onyo jipya liandikwe kwenye karatasi za maelezo ya bisfosfonati, kundi la dawa linalotumiwa zaidi kutibu osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua uzito na nguvu. Onyo lilihusu mfupa wa paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida kwa watu waliotumia dawa hizo muda mrefu. Kwa msomaji wa gazeti habari ilikuwa fupi: dawa ya kuzuia mifupa isivunjike inavunja mifupa. Kabla ya hapo zilikuwa zimetangulia habari za mifupa ya taya kufa. Kati ya 2008 na 2012 matumizi ya vidonge vya kundi hili Marekani yakashuka kwa zaidi ya nusu.

Walioacha hawakuwa wale tu ambao pengine hawakuzihitaji. Mwaka 2002 huko Marekani karibu wagonjwa 4 kati ya 10 waliovunjika nyonga walipewa dawa ya mifupa baada ya kutoka hospitali. Kufikia 2011 walikuwa karibu 2 kati ya 10. Hawa ni watu ambao mfupa ulikwisha kutoa ushahidi wake, na bado hofu ilishinda.

Hofu hiyo imetufikia na sisi, mara nyingi kupitia ujumbe wa WhatsApp unaosambazwa na watoto walio ng'ambo au majirani wenye nia njema. Ujumbe una ukweli ndani yake, ndiyo maana ni vigumu kuujibu kwa neno moja. Baada ya kusoma tafiti za miaka 30 hivi za dawa hizi, nimefikia msimamo huu: kuuliza kama ni salama au ni sumu hakutufikishi popote. Karibu madhara yote mazito ya dawa za mifupa yanafungamana na kalenda. Kuna dawa inayomdhuru anayeendelea nayo bila mtu wa kumkagua, na kuna dawa inayomdhuru anayeiacha bila mpango. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anayehesabu miaka.

Tuanze na upande wa mizani ambao ujumbe wa WhatsApp hauutaji. Osteoporosisi haiumi. Mwanamke aliyekoma hedhi hupoteza mfupa kimya kimya mwaka hata mwaka, na hugundua siku anapoteleza bafuni au anapoinua ndoo na kusikia mgongo umelia. Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 liliweka mpaka wa kuutambua kwa kipimo cha uzito wa mfupa kiitwacho DXA, yaani alama ya -2.5 au chini yake, lakini wengi hawapimwi mpaka wavunjike. Nyonga ndiyo mbaya kuliko zote. Kati ya wazee wanaovunjika nyonga, mmoja kati ya watano au zaidi hufariki ndani ya mwaka mmoja, na wengi wa waliobaki hawarudi kutembea kama zamani. Hapo tunazungumzia wagonjwa wa nchi zenye upasuaji wa haraka. Mzee anayelazwa wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito, akipata vidonda vya mgongo na maji kwenye mapafu, hali yake ni ngumu zaidi.

Ili kuelewa madhara ya dawa lazima tuelewe kazi yake. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa kila siku. Kuna chembe zinazokula mfupa wa zamani na chembe zinazoweka mpya nyuma yake, na katika miaka 10 hivi sehemu kubwa ya mifupa ya mtu mzima huwa imeshabadilishwa. Ni kama nyumba ya makuti: fundi mmoja anaondoa makuti yaliyooza, mwenzake anaezeka mapya. Baada ya hedhi kukoma, anayeondoa hufanya kazi kwa kasi kuliko anayeezeka, na paa linakuwa jembamba. Bisfosfonati humzuia anayeondoa. Paa linabaki nene na mvua haipiti. Lakini ukimzuia miaka mingi mno, makuti makuukuu yenye nyufa yanabaki pale pale bila kubadilishwa.

Dawa hizi zilitokana na viwanda. Kemikali za kundi hili zilitengenezwa Ujerumani katika karne ya 19, na zikatumika kuzuia gaga la chokaa lisigande kwenye mabomba ya maji. Miaka ya 1960 Herbert Fleisch na wenzake waligundua kwamba zinashika pia madini ya mfupa na kuuzuia usiyeyuke. Tabia hiyo ya kushika mfupa ndiyo nguvu yake, na ndiyo inayozua maswali ya muda mrefu: alendroneti, inayojulikana kwa wengi kwa jina la Fosamax, ikishaingia kwenye mfupa hukaa miaka, na nusu yake inaweza kuwa bado imo baada ya miaka 10. Mtu akiacha kumeza leo, dawa haimwachi leo.

Faida yake haina shaka. Katika jaribio lililochapishwa 1996, wanawake 2,027 waliokuwa tayari wamevunjika pingili za mgongo walipewa ama alendroneti ama kidonge kisicho na dawa kwa miaka 3 hivi. Waliovunjika nyonga walikuwa asilimia 2.2 kwa wasiopewa dawa na asilimia 1.1 kwa waliopewa. Asidi ya zoledroniki, ambayo hutolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka, mwaka 2007 ilionyesha makubwa zaidi kwenye mgongo: pingili mpya zilizovunjika zilishuka kutoka asilimia 10.9 hadi 3.3 katika miaka 3.

Miaka 3. Hapa ndipo penye mzizi wa tatizo. Majaribio yaliyozipitisha dawa hizi yalidumu miaka 3 au 4, kwa wanawake elfu chache, wengi wao wazungu wenye afya ya wastani. Dhara linalompata mtu 1 kati ya 10,000 baada ya miaka 6 haliwezi kuonekana humo hata watafiti wawe waadilifu namna gani. Linaonekana baadaye, kwa wagonjwa wa kawaida, na tena pale tu ambapo kuna mtu anayeandika yanayowapata.

Daktari mmoja wa Marekani aliandika kisa chake mwenyewe. Alikuwa na miaka 59, ametumia alendroneti kwa miaka kadhaa, na kwa miezi alikuwa na maumivu ya paja yasiyoeleweka. Asubuhi moja akiwa amesimama ndani ya treni ya chini ya ardhi, treni ikashtuka, akahamishia uzito kwenye mguu mmoja, na mfupa wa paja ukakatika. Hakuanguka kwanza akavunjika. Alivunjika ndipo akaanguka. Picha za eksirei za wagonjwa wa namna hii zinafanana sana. Kwa kawaida mzee huvunjika karibu na nyonga, na mfupa hupasuka vipande vipande au mshazari. Hawa wanakatika chini zaidi, kwenye sehemu iliyonyooka ya paja, kwa mstari unaokaribia kuwa wa mlalo, ukianzia upande wa nje ambako ganda la mfupa limevimba kidogo. Uvimbe huo ni alama ya ufa mdogo uliokuwa ukijaribu kupona kwa muda mrefu bila kufaulu. Mara nyingi paja la pili nalo lina ufa.

Utafiti ulionipa picha iliyo wazi kuliko yote ni ule wa wanachama wa Kaiser Permanente huko kusini mwa California, uliochapishwa 2020. Ulihusisha wanawake 196,129 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliotumia bisfosfonati. Kati yao 277 walipata mvunjiko huu wa paja. Hatari ilipanda kwa miaka: waliotumia kati ya miaka 3 na 5 walikuwa na hatari karibu mara 9 ya waliotumia chini ya miezi 3, na waliofika miaka 8 walikuwa na hatari mara 43.

Mara 43 ni namba ya kutisha, na ndiyo inayosafiri kwenye simu. Tusome na namba ya pili ya utafiti huo huo. Wanawake wazungu 10,000 wakitumia dawa kwa miaka 3, nyonga 149 zinaokolewa na mapaja 2 yanavunjika kwa sababu ya dawa. Kwa wanawake wenye asili ya Asia hesabu ni nyonga 91 na mapaja 8. Mizani bado imeelemea kwenye faida, ila kwa kundi la pili imeanza kusogea. Jamii zenye asili ya Bara Hindi ziko Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam tangu zamani, lakini Waasia wa California ni watu wa mataifa mengi, kwa hiyo mama mwenye asili ya Gujarat asiichukue namba hiyo kuwa yake moja kwa moja. Aichukue kuwa sababu ya kuuliza mapema.

Na kuna habari njema ambayo haisambazwi: katika utafiti huo hatari ya paja ilishuka haraka baada ya dawa kuachwa, ingawa kinga ya mfupa huchelewa kuisha kwa sababu dawa bado imo ndani. Hii inatupa nafasi. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wanawake 1,099 waliokuwa wamemaliza miaka 5 ya alendroneti. Zaidi ya nusu waliendelea miaka 5 mingine, waliobaki wakapewa kidonge kisicho na dawa. Mivunjiko isiyo ya mgongo ililingana, karibu asilimia 19 kila upande. Tofauti ilionekana kwenye pingili za mgongo zilizovunjika na kuuma: asilimia 2.4 kwa walioendelea, 5.3 kwa walioacha. Kutokana na tafiti kama hizi, wataalamu wa chama cha utafiti wa mifupa cha Marekani mwaka 2016 walishauri kila mgonjwa akaguliwe upya baada ya miaka 5 ya vidonge au miaka 3 ya dripu. Aliye katika hatari ndogo apumzike huku akifuatiliwa. Aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili, au mwenye kipimo kilicho chini bado, anaweza kuendelea hadi miaka 10 ya vidonge au 6 ya dripu.

Ushauri huu unanishawishi. Unakubali kwamba dawa ni moja lakini wagonjwa si wamoja. Udhaifu wake ni kwamba unamtaka mtu fulani akumbuke siku dawa ilipoanza, na mara nyingi hayupo. Cheti cha kwanza kimepotea, daktari amehamishwa, na duka la dawa linaendelea kuuza.

Taya sasa. Mwaka 2003 mpasuaji wa kinywa wa Miami, Robert Marx, aliripoti wagonjwa 36 ambao mfupa wa taya ulikuwa wazi mdomoni bila kupona. Kwa kawaida tundu la jino lililong'olewa hujaa nyama katika wiki chache. Kwa hawa mfupa ulibaki wazi, wa rangi ya manjano au kijivu, ukanuka na kutunga usaha. Leo daktari huutambua ugonjwa huu pale mfupa unapokuwa wazi zaidi ya wiki 8. Wafanyakazi wa viwanda vya viberiti vya London walipata ugonjwa unaofanana na huu katika karne ya 19 kwa kuvuta mvuke wa fosforasi.

Lakini wagonjwa wa Marx walikuwa karibu wote wa saratani. Mgonjwa wa saratani iliyoingia kwenye mifupa hupewa miligramu 4 za asidi ya zoledroniki kila mwezi. Mwenye osteoporosisi hupewa miligramu 5 kwa mwaka mzima. Kwa kiwango hiki cha pili, hatari inakadiriwa kuwa kati ya mtu 1 kwa 10,000 na 1 kwa 100,000 kwa kila mwaka wa kutumia dawa. Huongezeka kwa mwenye kisukari, mvuta sigara, anayemeza prednisolone, na anayeng'olewa meno akiwa tayari kwenye dawa. Kinga yake ni rahisi: meno yakaguliwe na mabovu yang'olewe kabla ya dripu au sindano ya kwanza, na tabibu wa meno aambiwe kila mara. Kwetu, ambako wengi humwona tabibu wa meno siku jino limeshindikana, agizo hili dogo linapaswa kutolewa kwa sauti kubwa zaidi kuliko lilivyoandikwa kwenye karatasi ya dawa.

Jambo la tatu ni koo la chakula, na hapa Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuwa makini. Alendroneti ikigusa ukuta wa koo inaweza kuuchoma na kuacha vidonda. Ripoti zilianza kutoka 1996, mwaka mmoja tu baada ya dawa kuruhusiwa. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa ameze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha asilale wala asile kwa nusu saa. Amri hiyo ina sababu ya pili. Hata tumbo likiwa tupu, inayoingia mwilini haifiki asilimia 1 ya kidonge. Ukikishushia chai ya maziwa karibu yote inapotea. Mwezi wa Ramadhani utaratibu huu hauvunjiki: mama aamke mapema, ameze kidonge chake cha wiki kwa glasi ya maji, akae au atembee nusu saa, ndipo ale daku. Nimesikia ushauri wa kukimeza pamoja na daku lenyewe. Huko ni kutupa dawa.

Je, vidonda hivyo vinaweza kuzaa saratani? Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti yalichambua hazina ile ile ya kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza. Moja halikuona ongezeko lolote la saratani ya koo la chakula. Jingine liliona hatari karibu mara mbili kwa waliotumia miaka mitano hivi, yaani kutoka mtu 1 hadi watu 2 kwa kila 1,000 wa umri wa miaka 60 hadi 79. Tofauti ilitokana na namna walivyochagua watu na urefu wa muda waliowafuatilia. Kwa Mwingereza swali hilo linaweza kusubiri. Kwa mkazi wa Bomet au Kilimanjaro ni tofauti, kwa sababu ukanda wa mashariki ya Afrika ni kati ya maeneo yenye saratani nyingi ya koo la chakula duniani. Kwa maoni yangu, mtu wa ukanda huu anayekwama chakula au kuumia anapomeza asipewe kidonge cha alendroneti mpaka koo lichunguzwe. Dripu ipo kwa ajili yake.

Dripu nayo ina yake. Karibu theluthi ya wanaopewa asidi ya zoledroniki kwa mara ya kwanza hupata homa, baridi na maumivu ya viungo kwa siku moja hadi tatu. Kwetu mtu mwenye dalili hizo hukimbilia dawa ya malaria. Apimwe, lakini asiache tiba ya mwaka mzima kwa homa ya siku mbili isiyotabiriwa na aliyempa dripu. Figo lazima zipimwe kwanza, na kalsiamu na vitamini D ziwe za kutosha. Moyo kupiga ovyo kulijitokeza kwenye jaribio la 2007, asilimia 1.3 dhidi ya 0.5, lakini FDA ilipokagua data za dawa za kundi zima mwaka uliofuata haikuona uhusiano ulio wazi.

Sasa tufike kwenye dawa inayonitia wasiwasi zaidi, na inayoongezeka kwa kasi: denosumabu, iliyotoka 2010 kwa jina la Prolia. Ni sindano ya chini ya ngozi, miligramu 60, kila baada ya miezi 6. Jaribio lake la wanawake 7,868 lilikuwa la kuvutia: pingili zilizovunjika zilishuka kutoka asilimia 7.2 hadi 2.3 katika miaka 3. Waliofuatiliwa hadi miaka 10 waliendelea kupata mfupa, na mapaja na taya zilizoharibika zilikuwa chache. Haichomi koo, na haihitaji figo nzima. Mgonjwa anaipenda, daktari naye anaipenda.

Lakini denosumabu haishiki mfupa. Inazuia tu ishara inayozaa chembe za kula mfupa, na baada ya miezi 6 inatoweka. Chembe zilizokuwa zimezuiwa hurudi kwa wingi kuliko zilivyokuwa kabla ya tiba. Mfupa uliojengwa kwa miaka unaweza kuyeyuka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kuanzia 2015 hivi madaktari wa Lausanne, Uswisi, walianza kuripoti wanawake walioacha sindano na ndani ya miezi michache wakavunjika pingili tatu, nne, tano kwa mpigo. Uchambuzi wa 2018 uliweka namba: wakiwa kwenye dawa, pingili zilivunjika kwa watu 1.2 kati ya 100 kwa mwaka. Baada ya kuacha, 7.1. Kwa haki ya dawa niseme kwamba kiwango hicho kinakaribiana na cha wale ambao hawakuwahi kuipata. Kinachotisha ni mfuatano: kati ya waliovunjika baada ya kuacha, 6 kati ya 10 walivunjika pingili zaidi ya moja. Hata kuchelewa tu kuna gharama. Takwimu za Uingereza zilionyesha waliochelewa zaidi ya wiki 16 kupita tarehe yao walikuwa na hatari ya mgongo karibu mara nne ya waliochomwa kwa wakati.

Sasa mfikirie bibi wa Unguja aliyekwenda Muscat kukaa na mwanawe. Huko amepimwa DXA, ameanzishiwa sindano, amechomwa mara nne. Mwaka wa tatu anarudi nyumbani kwa msiba, anaamua kubaki. Sindano inayofuata haipo hospitali ya karibu, au ipo kwa bei isiyofikika, na yeye mwenyewe anajisikia mzima kabisa. Hakuna aliyemwambia kwamba hii si dawa ya kuacha hivi hivi. Miezi minane baadaye mgongo unamuuma, watu wanasema ni uzee, anapakwa mafuta ya kuchua. Safari za aina hii kati ya Muscat, London, Toronto na pwani yetu ni za kila siku, na ndizo zinazofanya dawa bora ya huko kuwa dawa ya hatari kwetu. Suluhisho linajulikana: anayeacha denosumabu apewe bisfosfonati mara moja, dripu ya zoledroniki au alendroneti ya kila wiki, ili kulinda kilichojengwa. Lakini ni lazima mtu ajue kwamba anaacha.

Wagonjwa wa figo wana onyo la ziada. Januari 2024 FDA iliweka onyo la ngazi ya juu kabisa kwenye Prolia kwa sababu ya kalsiamu kushuka vibaya, hata kuua, kwa wenye ugonjwa mkubwa wa figo, hasa wanaosafishwa damu.

Historia ya dawa nyingine inafundisha kwamba hofu zote hazina uzito mmoja. Teriparataidi, inayojenga mfupa badala ya kuzuia kubomolewa, ilitoka 2002 na onyo la saratani ya mfupa kwa sababu panya wa maabara waliipata. Baada ya ufuatiliaji wa miaka mingi saratani hiyo haikuongezeka kwa binadamu, na mwaka 2020 onyo likaondolewa. Kwa upande mwingine, kalsitonini ya kupuliza puani iliondolewa Ulaya 2012 kwa hatari ya saratani, strontiamu raneleti ikabanwa kwa sababu ya moyo mpaka mtengenezaji akaiacha 2017, na odanakatibu haikufika sokoni kabisa kwa sababu ya kiharusi. Homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi zilipunguza mvunjiko wa nyonga kwa theluthi moja hivi katika utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa 2002, lakini mchanganyiko uliotumika ulileta saratani ya matiti na kiharusi zaidi. Romosozumabu ya 2019 hutolewa kwa mwaka mmoja tu, na haipewi aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi 12 iliyopita, kwa kuwa katika jaribio moja matukio mazito ya moyo na mishipa yalikuwa asilimia 2.5 dhidi ya 1.9 kwa waliotumia alendroneti. Orodha hii yote inaonyesha wasimamizi wakifanya kazi yao: dawa zinafuatiliwa, na zenye kasoro zinaondoka.

Kwetu kinachokosekana ni ufuatiliaji huo. Mashine za DXA ni chache na ziko miji mikubwa, kwa hiyo mtu huanzishiwa alendroneti kwa sababu ya maumivu ya magoti, ugonjwa usiohusiana nayo, huku aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka chini tu akifungwa plasta na kurudishwa nyumbani bila dawa. Wengine wanaodhoofika mifupa ni vijana: wanaotumia prednisolone kwa pumu au lupasi, wasichana wanaomeza deksamethasoni ya dukani ili wanenepe. Tenofoviri iliyomo katika kidonge kikuu cha VVU Tanzania na Kenya nayo hupunguza mfupa kiasi, ingawa faida yake ni kubwa mno kuiacha. Mwanamke wa umri wa kuzaa asipewe bisfosfonati kirahisi, kwa kuwa dawa itakuwa bado kwenye mifupa yake atakapobeba mimba.

Ripoti za madhara zina pa kupelekwa: Tanzania kuna TMDA, Kenya kuna Bodi ya Dawa na Sumu. Majaribio makubwa hayakumhesabu mwanamke wa Kiafrika kwa idadi ya maana. Kila paja lililokatika bila ajali na kila taya iliyobaki wazi ikiripotiwa na jina la dawa na idadi ya miaka iliyotumika, tutaanza kuwa na hesabu ya kwetu badala ya kukopa ya California.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila mwenye mzazi anayetumia dawa hizi. Chukua kalamu leo, andika kwenye daftari lake la kliniki jina la dawa, tarehe aliyoanza, na tarehe ya dozi ya mwisho. Kama ni vidonge na miaka 5 imepita, au dripu na miaka 3 imepita, mpeleke akaguliwe kabla ya kununua pakiti nyingine. Kama ana maumivu ya paja au kinena yasiyo na sababu, apigwe eksirei ya mapaja yote mawili. Na kama ni sindano ya kila miezi 6 na tarehe inakaribia bila mtu kujua itapatikana wapi, mpigie daktari wiki hii.